Kipande cha Kusomea

Alhamisi, 27 Februari 1908. Korogwe

Shule imepata mwenyewe mpya. Serikali imeikodisha kwa kampani ya mkonge: majengo, mbao, chaki, na walimu wawili waliokutwa ndani, yaani mimi na Mwalimu Habakuki. Bwana aliyeletwa kuisimamia ni Bwana Hollmann. Alikuwa upande wa Mombo akiangalia mashine ya kukamua mkonge, na watu wanasema mashine ile haikuwahi kupumzika hata siku moja. Alitupanga mstari asubuhi, wanafunzi mbele, walimu pembeni kama majembe.

"Shule hii inakula, haizai," akasema. "Miaka miwili kumfundisha mtu mmoja kusoma! Mimi kwa miaka miwili nafyeka msitu, napanda, natandika reli. Jumla ya makarani waliotoka hapa ni wangapi?"

Habakuki akajibu kumi na wanane.

Bwana akaandika, kisha akauliza tena, "Jumla?" kana kwamba kumi na wanane bado hawajafika.

Kabla ya adhuhuri wanafunzi walikwisha kumpa jina. Bwana Jumla.

Nimejipatia daftari hili niandike yatakayotokea. Hakuna atakayelisoma. Kwa mwendo huu, baada ya muda hakuna atakayeweza.


Jumatatu, 2 Machi

Leo vimegawiwa vipande. Ni vilevile wanavyopewa watu wa mkonge, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini, ila juu neno "kazi" limekatwa kwa wino na kuandikwa "shule". Mwanafunzi akifika, anatiwa alama kwenye chumba kimoja. Vyumba vikijaa thelathini, anapewa cheti chenye muhuri, na kampani inampeleka popote panapotakiwa karani.

Sisi nasi tumepewa vyetu, vyenye vyumba kumi na viwili. Kila cheti kikitoka darasani mwangu, natiwa alama moja. Mwalimu asiyejaza kumi na viwili kabla ya Aprili kwisha atashushwa shambani kuhesabu mizigo ya majani.

"Siku thelathini na kujua kusoma vinahusiana nini?" nikamwuliza Habakuki tulipotoka.

"Ndugu Isihaka, usiniulize mimi. Nina watoto watano."

"Watoto watano hawazuii mtu kufikiri."

"Hawazuii. Wanazuia kusema."

Huyu mtu ni mwoga. Miaka minne tumekaa naye ndani ya nyumba moja ya shule na sijawahi kumsikia akisema neno ambalo angeweza kulinyamazia.


Jumanne, 3 Machi

Joto. Bwana Jumla amehesabu madawati. Jana pia aliyahesabu.


Ijumaa, 6 Machi

Darasani mwangu nina watu kumi na wanne, wote watu wazima. Wa mbele kabisa ni Filemoni, Mshambaa wa Dindira, mtu mfupi, mpole, anayeishika kalamu kama kifaranga. Tunakwenda kwa utaratibu aliopanga Bwana Jumla: siku kumi na tano za kwanza a mpaka m, kumi na tano za pili n mpaka z. Kurudi nyuma hakuna. Anasema mashine hairudi nyuma.

Mfano wangu ubaoni ni uleule kila siku: Kwamputa. Ni kijiji changu, upande wa Handeni. Mimi sikukaa darasa la mtu. Katika chuo cha Kurani nilifundishwa herufi za Kiarabu, na hizi za Kizungu nilijiokotea mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni ya Mhindi pale Mombo. Neno la kwanza nililojaribu kuliandika ambalo halikuwa sabuni lilikuwa Kwamputa. Mpaka leo naliandika hata nikisinzia.


Alhamisi, 19 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Mto wetu wa Ruvu, huu uendao Pangani, unanguruma tangu asubuhi.

Mahali pa Filemoni leo amekaa mtu mrefu.

"Jina?"

"Filemoni."

"Filemoni wa jana alikuwa mfupi."

"Nimekua, Mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikakitazama kipande. Ni kilekile, alama kumi na tano. Nilipombana baada ya kipindi alisema anaitwa Jonathan, ni mdogo wake Filemoni. Mvua imenyesha Dindira, mkubwa ameitwa kupanda, naye ameletwa kuendeleza.

"Kuendeleza nini?"

"Kipande. Hata cha mkonge sisi tunakijaza hivyohivyo. Wiki hii kaka, wiki ijayo mimi. Mzungu anahesabu siku, hahesabu nyuso. Mbona hapa iwe dhambi?"

Nikamtia alama ya kumi na sita.


Ijumaa, 27 Machi

Leo Filemoni ana ndevu. Huyu ni Kaleb, wa tatu. Jonathan naye ameitwa nyumbani kupanda. Nilisema, "Karibu tena Filemoni," naye akasema, "Starehe, Mwalimu."

Nimemweleza Habakuki. Ukoo ule ukikaa pamoja unajua kusoma: Filemoni a mpaka m, Jonathan n mpaka s, Kaleb zilizobaki. Taabu ni kumpata mwajiri wa kuwaajiri wote watatu kwa kichwa kimoja. Habakuki hakucheka. Alisema kwake wako wanne wa namna hiyo.


Jumamosi, 4 Aprili

Vipande vimejaa. Wawili waliugua homa, wakabaki watu kumi na wawili kamili, na wa kumi na mbili ni Filemoni. Amerudi mwenyewe, yule mfupi, kuchukua cheti. Nilimpa kitabu. Kila alipokutana na herufi ya upande wa pili alinyamaza kidogo, kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, kisha akaendelea na zile anazozijua.

Nikaenda kwa Bwana Jumla. "Huyu mmoja abaki. Nusu ya herufi hazijui."

"Kipande kimejaa?"

"Kimejaa, Bwana, lakini…"

"Na chako?"

Changu kilikuwa na alama kumi na moja.

Nilitia sahihi. Naandika tena, nisije nikajifanya nimesahau: nilitia sahihi.


Jumanne, 14 Aprili

Filemoni kaja kuniaga. Amepewa kazi ya karani wa akida kwetu Handeni. Hajawahi kuvuka Ruvu maishani mwake.

"Mwalimu, zile za n mpaka z nitazipata wapi?"

"Utazikuta njiani," nikamwambia, na nikacheka.


Alhamisi, 16 Aprili

Mvua.


Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Vipande vipya, watu ishirini na mmoja. Bwana Jumla amepeleka Tanga karatasi inayosema shule imetoa vyeti ishirini na vinne kwa wiki tano, mahali ilipokuwa ikitoa tisa kwa mwaka. Wakubwa wamemsifu. Ameibandika barua ya sifa mlangoni, nasi tukaamriwa tuwasomee wanafunzi. Wenye vyeti walikuwa wamekwisha ondoka, lakini sidhani wangesaidia.


Jumamosi, 2 Mei

Nilikuwa napangusa ubao nikasikia, "Shikamoo kaka." Zamda, dada yangu, amesimama mlangoni, tope mpaka magotini. Ametembea siku mbili kutoka Kwamputa, peke yake, na mvua hii.

Nikadhani msiba. Akasema, "Bado. Lakini utakuja."

Wanaume wote wa Kwamputa wamechukuliwa. Jumatatu askari wawili wa akida walifika na amri ya siku ishirini na moja za kutengeneza barabara. Watu wakapiga kelele: zamu yetu tuliitoa wakati wa vuli, na akida mwenyewe alikuwapo. Akida akawajibu kwamba karatasi imeletwa kutoka bomani, na karatasi imetaja Kwamputa.

"Nani kaisoma?"

"Karani mpya. Mshambaa mmoja mpole, hata huwezi kumkasirikia. Mume wangu kamwomba aisome tena, akaisoma tena, ikawa ileile."

Nilikaa juu ya dawati.

"Kaka, palizi hii," akasema Zamda. "Ndago zimeyafunika mahindi. Wanawake tunapalilia, lakini tukipalilia nani afukuze nguruwe? Wameingia shamba la kina Mwaija, hawakubakiza mstari. Ishirini na moja zikiisha hakuna cha kupalilia. Wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi. Nenda ukaseme nayo."

Nikaenda kwanza kwa Bwana Jumla. Nikamweleza kwamba karani aliyepelekwa Handeni hajui kusoma, kwamba cheti chake kifutwe na apelekwe mwingine.

"Jumla imekwisha kwenda Tanga," akasema. "Ishirini na vinne. Nikifuta kimoja, niwaandikie nini? Ishirini na tatu na nusu?"

"Waandikie ukweli, Bwana."

"Kipande kilijaa?"

"Kilijaa."

"Basi cheti ni kizima. Na ruhusa ya kwenda Handeni huna. Mwalimu akiondoka, vyumba ishirini na kimoja vinakosa alama kila siku."

Nilimkuta Habakuki nje, amesikia yote kupitia dirishani. Nikangoja aniambie nimche Mungu, nikae kimya. Akasema, "Nenda. Nitafundisha madarasa yote mawili. Na kila asubuhi nitawatia watu wako alama, kana kwamba upo."

"Wewe?"

"Kama Filemoni aliweza kuwa watu watatu, mimi siwezi kuwa wawili?"


Jumatano, 6 Mei. Kwa akida

Nimefika jana jioni, nguo zimegandamana na mwili. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, ambaye angemaliza jambo hili kwa neno moja, amekwenda safari ya Pangani na harudi mpaka mwisho wa mwezi.

Filemoni alinipokea kwa furaha ya kweli, akanipa kiti chake. Nikaomba niione ile amri. Akaitoa kwenye kasha, imekunjwa vizuri. Nikaisoma mara moja. Nikaipeleka kwenye mwanga nikaisoma tena.

"Filemoni, hapa pameandikwa nini?"

"Kwamputa, Mwalimu."

"Pameandikwa Kwamsoza."

Alinitazama kama nimemwambia mama yake si mama yake. Nikamwonyesha kwa kidole, herufi moja moja. Huko kwetu kila kijiji kinaanza na Kwa, hilo linamtosha mgeni kuchanganyikiwa hata akiwa mwanachuoni. Lakini yeye alizijua k, a, m, na a ya mwisho. Zilizobaki zote ni za upande wa pili, za Jonathan na Kaleb. Kwamputa na Kwamsoza, kwa macho ya Filemoni, ni jina moja lenye mashimo manne.

"Lakini kwa nini ukasema Kwamputa?" nikamwuliza. "Mashimo yale ungeweza kuyajaza na chochote."

"Mambo ya barabara na siku aliyeileta aliyataja kwa mdomo. Jina nililijua kwa umbo," akasema polepole. "Lilikuwa ubaoni kila siku, Mwalimu. Ndilo neno refu pekee ninalolijua."

Nikaikunja amri, nikainuka.

Tukaingia kwa akida. Ni mtu wa pwani, mzee wa adabu, anasoma Kiarabu vizuri kuliko mimi na herufi za Kizungu hazijui hata moja. Nikamwamkia, nikamsomea amri, nikamweleza kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Cheti chako kiko wapi?"

"Mimi sina cheti, Akida. Mimi ndiye ninayevitia sahihi."

"Mwenye kutia sahihi hana?"

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Basi mwanangu, wewe ni mtu tu. Huyu serikali imemleta kwangu na muhuri. Ndiye jicho langu. Nikiacha jicho la serikali nikafuata mpita njia, Bwana Shauri akirudi nimwambie nini?"

Hapo Filemoni alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Akapiga goti na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Akida, mwalimu asema kweli. Mimi sijui kusoma."

Akida akatabasamu, kama anayemsikiliza kijana mwenye haya. "Acha unyenyekevu. Cheti kinasema unajua."

"Sijui, Akida. Wallahi, ingawa mimi ni Mkristo."

"Wewe unasema hujui, serikali inasema unajua. Mimi nimshike nani?"

Watu wa Kwamputa wamebaki barabarani.

Nje, Filemoni alijifuta uso kwa mkono wa kanzu ya ukarani. Nilikuja njia nzima nikimtukana moyoni. Leo nimemwona akitupa kazi yake mbele za watu kwa ajili ya wasio ndugu zake, na kazi ikakataa kutupika. Mimi yangu niliishikilia kwa alama moja.


Jumamosi, 9 Mei. Korogwe

Nimerudi. Kasha la vyeti vitupu liko chumbani mwangu. Muhuri uko kwa Habakuki. Nikaandika kimoja: "Isihaka bin Mdoe amejifunza kusoma na kuandika katika shule hii." Uongo mtupu kutoka "katika" mpaka mwisho.

Nikampelekea Habakuki. Alikisoma, akavua miwani, akaifuta.

"Wakijua, watanifukuza na mimi," akasema.

"Najua. Una watoto watano."

"Sita. Mmoja kazaliwa juzi, ulikuwa njiani."

Akabonyeza muhuri, akapuliza wino ukauke, akanipa. Nimekuwa nikimwita huyu mtu mwoga kwa miaka minne, tena humu humu daftarini.


Jumatatu, 11 Mei. Kwa akida

Amri ileile, maneno yaleyale, sauti ileile. Akida hakuutazama uso wangu. Alitazama muhuri, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Sasa nina vyeti viwili vinavyogombana," akasema.

"Changu ni kipya zaidi, Akida. Tazama wino."

Akafikiri. "Kipya kinashinda."

Mchana watu wa Kwamputa wakaachiwa, siku ya kumi na tano. Shemeji Sadala, mume wa Zamda, alinipita mbio bila kunisalimu, jembe la barabara bado mkononi, akikimbilia shamba. Jioni askari walielekea Kwamsoza. Huko nako kuna palizi. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja, siku zote tisa hizi.


Ijumaa, 15 Mei. Korogwe

Niliitwa ofisini. Nikavaa kanzu safi. Mtu akifukuzwa afukuzwe akiwa nadhifu. Bwana Jumla alikuwa amefungua kasha la vyeti, anahesabu vilivyobaki.

"Kimepungua kimoja. Darasa lako limetoa kumi na tatu, si kumi na viwili."

"Ndiyo, Bwana. Cha kumi na tatu ni changu. Nilijiandikia. Sikuwa na kipande, sikukaa darasani hata siku moja."

Akachukua kalamu, akatazama dari, akapiga hesabu midomo ikicheza. Kisha akasimama akanipa mkono.

"Ishirini na tano," akasema. "Ni jumla nzuri zaidi, robo kamili ya mia. Na sasa kampani ina mwalimu mwenye cheti. Msimu ujao utatoa ishirini."

Habakuki alikuwa akinisubiri nje, rangi imemtoka. Nikamwambia tumepandishwa daraja. Akakaa chini palepale kwenye majani mabichi, akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza.


Alhamisi, 28 Mei

Mvua imepungua. Filemoni yuko bado kwa akida. Hakuna njia ya kumwondoa mtu mwenye cheti. Ameniletea ombi: nimwandikie karatasi yenye herufi za n mpaka z, kubwa kubwa, na nimchoree kando ya kila moja kitu kinachoanza nayo. Nimefanya. Kwenye p nimechora panga.


Jumapili, 14 Juni. Kwamputa

Nimekuja kutazama mwenyewe. Walipalilia usiku na mchana walipoachiwa, lakini mahindi yalikwisha kuwa ya manjano, membamba kama mabua ya mtama. Kilichopona ndago, nguruwe wamekishughulikia. Shamba la Zamda, ambalo mwaka jana lilijaza vilindo vitatu vya magome, mwaka huu limetoa vikapu vinne vya vibunzi visivyojaa punje.

Nilijaribu kumwambia kwamba kosa lilianzia kwangu, kwa sahihi, na kwa jina lile ubaoni. Alikuwa akipukuchua, hakuinua kichwa.

"Karatasi yako imewarudisha watu, kaka. Nashukuru. Mahindi hayakusikia."


Jumatatu, 29 Juni. Korogwe

Asubuhi Bwana Jumla ameniita nje. Watu wamepanga mstari kutoka ofisi ya kampani mpaka kwenye reli. Wamekuja wenyewe, bila askari, kuomba vipande vya mkonge, kwa sababu nyumbani hakuna chakula cha kufikia vuli. Ni watu wa Kwamputa. Nyuma yao wapo wa Kwamsoza.

"Thelathini na wanne kwa siku moja!" akasema Bwana Jumla. "Miaka mitatu nimetafuta watu upande wa Handeni, sikupata hata mmoja. Wewe una cheti, kaa hapa uandike majina. Sitaki kosa."

Nikaletewa meza na wino. Nikaandika. Hawa ni watu walionibeba mgongoni, walionitahiri, niliocheza nao. Kila mmoja alisimama mbele yangu akataja jina lake kana kwamba silijui, nami nikaliandika kwa hati nzuri, herufi zote, a mpaka z, hakuna hata moja iliyokosewa.

Sadala alifika wa kumi na tisa. Akakitazama kipande mkononi mwake muda mrefu.

"Shemeji, hili ndilo jina langu?"

"Ndilo."

"Kumbe ni fupi," akasema, akaenda kusimama kwenye mstari wa mapanga.